Zheng Zhi: Kiungo aliyebeba makombe, klabu zikafa nyuma yake

MEI 25, 2025, kwenye Uwanja wa Wembley, beki Macaulay Gillesphey alipiga frikiki iliyotosha kuipa Charlton Athletic ushindi wa 1-0 dhidi ya Leyton Orient. Fainali ya mtoano ikaishia hapo, Charlton ikapanda Championship, daraja la pili la soka la England. Mashabiki walilia utadhani wamebeba Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Miezi minne na nusu nyuma yake, Januari 6, 2025, Shirikisho la Soka la China lilitoa orodha ya klabu zilizopewa leseni ya kucheza soka la kulipwa msimu huo. Jina la Guangzhou FC halikuwemo. Klabu ilitoa taarifa ikiomba radhi na kusema fedha ilizokusanya hazikutosha kulipa madeni ya zamani. Mabingwa mara nane wa Ligi Kuu China, mabingwa mara mbili wa Asia, wakafutika kwenye ramani ya mpira.

Kuna mtu mmoja aliyezivaa jezi za klabu zote mbili. Anaitwa Zheng Zhi, kiungo, mzaliwa wa Shenyang, mji wa viwanda wa kaskazini mashariki mwa China. Charlton alishuka nayo daraja mara mbili na hakubeba kitu. Guangzhou aliibebea kila kilichokuwa kinagombewa. Leo ile ya kwanza inacheza, ya pili haipo.

Ukiifuata safari ya huyu jamaa klabu moja baada ya nyingine, unaielewa China ya mpira vizuri kuliko ukisoma ripoti kumi za uchumi. Maana karibu kila mradi mkubwa uliowahi kujaribiwa kule, yeye alikuwemo ndani, tena mara nyingi akiwa na kitambaa cha unahodha mkononi.

BINGWA ASIYELIPWA MSHAHARA

Zheng alizaliwa Agosti 20, 1980. Alianzia soka kwenye mkoa wake wa Liaoning, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatua Shenzhen, mji ulio jirani kabisa na Hong Kong, kwenye timu ya kocha Zhu Guanghu. Klabu hiyo ilikuwa inabadili jina kadri mfadhili anavyobadilika. Ilibeba jina la kampuni ya bima ya Ping An, baadaye ikaitwa Jianlibao, kampuni ya vinywaji.

Mwaka 2004 China ilizindua ligi mpya, Chinese Super League. Bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Shenzhen Jianlibao. Kilichowashangaza wengi ni kwamba wachezaji walikaa miezi kadhaa bila mshahara msimu huohuo, kwa sababu kampuni mama ilikuwa imeyumba. Zheng, akiwa na miaka 24, alikuwa injini ya timu iliyotwaa ubingwa huku mifuko ikiwa mitupu.

Hapo ndipo dalili ilipojionyesha mapema, ila nani alijali? Ligi mpya, jina zuri, fedha za wadhamini zinakuja. Stori ya mishahara ikamezwa na shangwe.

Mapema 2005 Zheng akatimkia Shandong Luneng, klabu ya mji wa Jinan iliyokuwa chini ya kampuni ya umeme ya serikali. Huku mambo yalikuwa tofauti. Mshahara unaingia, uwanja wa mazoezi upo, akademi ipo. Chini ya kocha Mserbia, Ljubiša Tumbaković, Shandong ilibeba ligi na Kombe la FA mwaka 2006. Mshambuliaji Li Jinyu alimaliza kinara na mabao 26, na nyuma yake alikuwepo Zheng, kiungo aliyekuwa anafika kwenye boksi kama straika wa pili.

Mwaka huohuo dunia ilimjua kwa jambo ambalo mwenyewe asingelichagua. Juni 7, 2006, China ilicheza mechi ya kirafiki na Ufaransa mjini Saint-Étienne. Zheng alimkabili Djibril Cissé wakigombea mpira, mshambuliaji huyo akavunjika mguu na Kombe la Dunia likamwishia palepale, siku mbili tu kabla ya mechi ya ufunguzi. Siku hiyo hiyo Zheng alifunga penalti, China ikalala 3-1. Penalti hiyo nani anaikumbuka? Ule mguu wa Cissé ndio uliobaki midomoni.

CHARLTON: KUSHUKA MARA MBILI

Desemba 2006 Charlton ilikuwa hoi. Ndani ya msimu mmoja ilikuwa imeshapitia makocha wawili, Iain Dowie na Les Reed, na sasa Alan Pardew ndiye alikuwa anaingia kuzima moto. Pardew alimchukua Zheng kwa mkopo kutoka Shandong.

Wakati ule mchezaji wa China akitua England, maneno yalikuwa ni yaleyale: kaja kuuza jezi. Zheng aliwanyamazisha taratibu. Machi 2007 alifunga bao Charlton ikiichapa Newcastle 2-0. Alikimbia, alikaba, alicheza kati, alicheza pembeni. Haikutosha. Mei 7 Tottenham ilishinda 2-0 pale The Valley na Charlton ikashuka daraja.

Alikuwa na njia ya kurudi Jinan, kwenye mshahara wa uhakika na ubingwa. Akabaki. Charlton ikamnunua moja kwa moja, akacheza misimu miwili ya Championship, ligi ya mechi 46 ambako unaweza kucheza Jumamosi kwenye tope na Jumanne kwenye baridi kali. Mwaka 2009 Charlton ilimaliza mkiani na kushuka tena, safari hii hadi daraja la tatu.

Akaenda Celtic akiwa mchezaji huru. Alikuta timu ya Tony Mowbray ikiwa kwenye msimu mbovu. Mowbray alitimuliwa Machi 2010 baada ya kipigo cha mabao 4-0 kutoka kwa St Mirren, na ubingwa ukaenda kwa Rangers. Zheng akaondoka mikono mitupu. Kwa hesabu za makombe, Uingereza ilimpa sifuri.

Lakini angalia klabu zenyewe. Celtic imekuwepo tangu karne ya 19 na haina mpango wa kwenda popote. Charlton ndiyo ya kutazama kwa makini, kwa sababu hii ilikuwa na kila sababu ya kufa. Imeshuka 2007, 2009, 2016 na 2020. Imepita mikononi mwa wamiliki ambao mashabiki waliwaandamania hadi kurusha vinyago uwanjani. Mwaka 2020 vita ya umiliki ilikuwa mbaya kiasi kwamba uhai wa klabu ulikuwa shakani hadi alipotokea mnunuzi mpya.

Na hilo halikuwa jaribu la kwanza. Miaka ya 1980 Charlton ilihamishwa kutoka The Valley ikawa inapanga kwenye viwanja vya wenzake. Mashabiki walipoona halmashauri inakataa mpango wa kuurudisha uwanja wao, walianzisha chama cha siasa, kikaitwa Valley Party, wakasimamisha wagombea kwenye uchaguzi wa udiwani wa Greenwich mwaka 1990 na kuzoa kura zaidi ya 14,000. Desemba 1992 timu ikarudi nyumbani. Yaani watu wamepiga kura kwa ajili ya uwanja.

Ndiyo maana kila mmiliki anayekuja Charlton akiharibu, yeye ndiye anayeondoka. Klabu inabaki pale.

HELA ZA XU JIAYIN

Katikati ya 2010 Zheng akarudi China. Alikuwa anakaribia miaka 30, na wengi walijua amerudi kumalizia soka. Cha ajabu ni klabu aliyochagua. Guangzhou ilikuwa daraja la pili, imeshushwa kwa kosa la upangaji wa matokeo. Machi 1 mwaka huo, kampuni ya ujenzi wa nyumba ya Evergrande ya tajiri Xu Jiayin ilikuwa imeinunua kwa yuan milioni 100.

Kilichofuata hakijawahi kuonekana Asia. Timu ilipanda daraja 2010, ikabeba Ligi Kuu 2011 ikiwa ndiyo kwanza imepanda, na haikuliachia kombe hadi 2018. Saba mfululizo. Kiungo Muargentina Dario Conca aliletwa kutoka Fluminense ya Brazil 2011 kwa mshahara uliomweka miongoni mwa wachezaji waliokuwa wanalipwa zaidi duniani. Mei 2012 akatua Marcello Lippi, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006.

Mfumo wa posho wa Xu ulikuwa maarufu. Msimu wa 2011, timu ikishinda mechi wachezaji wanagawana yuan milioni 5. Ikitoka sare, milioni 1. Ikifungwa, inakatwa milioni 3. Kwa mpunga huo hata kipa wa akiba anakaba.

Katikati ya hayo yote alikuwepo Zheng. Wabrazili walikuja na kuondoka, makocha walipishana, nahodha akabaki palepale. Lippi alimtumia kama kiungo wa chini anayeanzisha mashambulizi, na mabeki wakiumia alimrudisha nyuma kabisa. Miguu haikuwa ya Charlton tena, ila kichwa kilikuwa kimekomaa. Alijua wapi mpira utaangukia kabla haujapigwa. Waliokuja kumwangalia Elkeson akifunga walikuwa wanakosa nusu ya mchezo kama hawakumtazama yule mzee wa kati.

Oktoba na Novemba 2013 Guangzhou ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Asia dhidi ya FC Seoul. Sare ya 2-2 Korea Kusini, sare ya 1-1 Uwanja wa Tianhe, kombe likabaki China kwa faida ya mabao ya ugenini. Mwezi huohuo Zheng alitangazwa Mchezaji Bora wa Asia, Mchina wa pili tu kupewa tuzo hiyo baada ya Fan Zhiyi wa mwaka 2001. Mwaka 2015, chini ya Luiz Felipe Scolari, Guangzhou ilirudia, safari hii Al-Ahli ya Dubai ndiyo ilikuwa mhanga, kwa bao pekee la Elkeson.

Na mashabiki walikuwepo. Hili linafaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu kuna wanaodhani klabu za China zilikufa kwa kukosa watu. Kwa miaka mingi Tianhe ilikuwa inaingiza wastani wa zaidi ya watu 40,000 kwa mechi. Hizo ni namba ambazo klabu nyingi za Ulaya zinaziota.

Tatizo lilikuwa jingine. Mlango wa uwanjani ulikuwa hauwezi kulipa hata robo ya kile Xu alichokuwa anakitoa. Uwanja haukuwa wa klabu, ni wa serikali. Hesabu zilionyesha hasara mwaka hadi mwaka, na aliyekuwa anaziba pengo ni kampuni mama. Mwaka 2014 Alibaba ya Jack Ma ilinunua nusu ya hisa kwa yuan bilioni 1.2. Mapema 2016 Jackson Martínez alinunuliwa kutoka Atletico Madrid kwa euro milioni 42 na akaishia kuuguza kifundo cha mguu.

Kwa nini kampuni ya nyumba iingie kwenye hasara ya aina hiyo kwa hiari yake? Kwa sababu kwake haikuwa hasara. China ardhi iko mikononi mwa serikali, na anayejenga anahitaji mlango wa viongozi wa mji uwe wazi. Ukiipa Guangzhou ubingwa wa Asia, nani atakufungia mlango? Halafu kila wiki jina la kampuni linatajwa kwenye televisheni ya taifa, maana timu yenyewe inaitwa Guangzhou Evergrande. Tangazo gani la nyumba litalifikia hilo? Rais Xi Jinping naye alikuwa ameonyesha wazi kwamba anautaka mpira, na mwaka 2015 serikali ikatoa mpango mkubwa wa mageuzi ya soka. Matajiri wa ujenzi wakaingia kwa mstari: Kaisa ikachukua Shenzhen, R&F ikawa na timu yake hapohapo Guangzhou, China Fortune ikawa na Hebei.

Michirizi ya fedha hizo ilifika hadi Afrika Mashariki. Mwaka 2017 straika Mkenya Michael Olunga aliondoka Djurgården ya Sweden kwenda Guizhou Hengfeng Zhicheng. Msimu haujaisha, akatolewa kwa mkopo Girona ya Hispania, ambako alipiga hat-trick dhidi ya Las Palmas Januari 2018. Bahati yake alitoka mapema. Guizhou nayo ilikufa 2022.

SIKU KAMPUNI ILIPOPIGA CHAFYA

Oktoba 2019 kulitokea kituko ambacho kingetosha kumfumbua macho yeyote. Guangzhou ilikuwa inapigania ubingwa, matokeo yakayumba kidogo, klabu ikamweka pembeni kocha Fabio Cannavaro na kutangaza kwamba anapelekwa kwenye mafunzo ya utamaduni wa kampuni. Beki aliyeinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia anarudishwa darasani kujifunza maadili ya wauza nyumba! Aliyekabidhiwa timu ni Zheng, mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, akiwa na miaka 39. Cannavaro alirudi, ubingwa ukapatikana, ukawa wa nane na wa mwisho.

Aprili 2020 Evergrande ilianza kujenga uwanja mpya wenye umbo la ua la yungiyungi, viti 100,000, gharama yuan bilioni 12. Agosti mwaka huohuo serikali ikaweka masharti makali ya mikopo kwa kampuni za nyumba. Evergrande ilikuwa imekopa hadi kwenye kope. Kufikia mwishoni mwa 2021 madeni yake yalikuwa zaidi ya dola bilioni 300 na ikashindwa kulipa.

Klabu iliporomoka sambamba. Cannavaro aliondoka Septemba 2021. Wabrazili waliopewa uraia wa China wakafungasha virago. Zheng, ambaye alikuwa ameendelea kuwa na jezi hadi alipovuka miaka 40, akabaki kwenye benchi kuongoza timu ambayo nusu yake ni vijana wa akademi. Mwaka 2022 Guangzhou ilishuka daraja. Uwanja wa yungiyungi haukukamilika, ardhi ikarudishwa serikalini. Septemba 2023 Xu Jiayin akawekwa chini ya ulinzi, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru Evergrande ifilisiwe.

Sehemu inayouma zaidi ni msimu wa 2024. Wale vijana waliobaki, bila mastaa wala hela, walimaliza nafasi ya tatu daraja la pili. Nafasi moja tu iliwakosesha kupanda Ligi Kuu. Uwanjani timu ilikuwa inafufuka. Miezi miwili baadaye ikazikwa kwa sababu ya madeni yaliyotengenezwa na watu wengine, wakati wengi wa wachezaji hao walikuwa bado watoto.

Hesabu ya jumla inatisha. Tangu Ligi Kuu China ianze 2004 hadi 2025 ni misimu 22. Mataji 11, nusu kamili, yalibebwa na klabu ambazo leo hazipo: Guangzhou manane, Shenzhen, Dalian Shide na Jiangsu Suning moja moja. Shenzhen, ile ya ubingwa bila mshahara, ilikufa Januari 2024. Jiangsu ilibeba ubingwa Novemba 2020 na kufungwa Februari 28, 2021, siku 108 tu baadaye. Mmiliki wake, Suning, wakati huo alikuwa anaimiliki pia Inter Milan, iliyobeba ubingwa wa Italia Mei hiyohiyo. Inter alikuja kunyang'anywa na wakopeshaji 2024, lakini Inter ipo. Jiangsu haipo.

Tena kuna hili. Klabu mbili tu za China zimewahi kuwa bingwa wa Asia. Guangzhou ni moja. Nyingine ni Liaoning, ya mkoa alikozaliwa Zheng, iliyolibeba mwaka 1990. Liaoning ilivunjwa Mei 2020.

Katika timu za nyumbani ambazo Zheng alizibebea ubingwa wa nchi, iliyosalia hai ni Shandong peke yake, sasa ikiitwa Shandong Taishan. Ni ile iliyokuwa chini ya shirika la umeme la serikali. Shanghai Port iliyotawala ligi miaka ya karibuni nayo ni ya kampuni ya bandari ya serikali. Wanaosalia China ni wenye mgongo wa serikali, na hata hao hawako salama na mengine: Septemba 2024 shirikisho lilifungia watu 43 maisha kwa upangaji wa matokeo na kamari, akiwemo kiungo Jin Jingdao aliyekuwa Shandong.

HAPA SI WAMILIKI PEKE YAO

Wapo watakaosema klabu hufa kila mahali. Kweli. Bury ya England ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019 ikiwa na umri wa miaka 134. Lakini mashabiki wa Bury walijipanga, wakapigana, na jina likarudi uwanjani wakianzia madaraja ya chini. Guangzhou palibaki pengo, likazibwa na klabu nyingine yenye jina jingine, Guangdong GZ-Power. Shenzhen ililetewa timu iliyohamishwa kutoka Sichuan. Shabiki anapewa timu mpya jinsi mpangaji anavyobadilishiwa chumba.

Na si haki kuwatupia lawama matajiri peke yao. Shirikisho lenyewe lilikuwa na uozo. Rais wake wa zamani, Chen Xuyuan, alihukumiwa kifungo cha maisha Machi 2024 kwa rushwa. Li Tie, kiungo mwingine wa Shenyang, aliyetangulia England akiwa na Everton na baadaye akakaa benchi moja na Lippi pale Guangzhou kabla ya kuinoa timu ya taifa, alihukumiwa miaka 20 Desemba 2024, na rufaa yake ikagonga mwamba mwaka uliofuata. Watu haohao ndio waliotakiwa kuzikagua hesabu za klabu na kusema hapa inatosha.

Shirikisho lilipoamka, lilikuja na rungu. Mwaka 2017 iliwekwa tozo ya asilimia 100 kwa usajili mkubwa wa wageni. Mwishoni mwa 2020 likaja sharti la ukomo wa mishahara na amri ya kuondoa majina ya kampuni kwenye klabu. Hili la majina lilikuwa sahihi, ila lilikuja limechelewa na likamwondolea mwekezaji kile alichokuwa anakilipia. Suning alipoona jina lake haliruhusiwi tena, akahesabu, akafunga duka.

Ajabu ni kwamba mpira wenyewe haujafa China. Mwaka 2025 mkoa wa Jiangsu, ule uliozikiwa bingwa wake, ulianzisha ligi ya miji 13. Wachezaji wengi ni wa ridhaa: wanafunzi, walimu, watu wenye kazi zao. Kila mji na timu yake, hakuna jina la kampuni mbele. Watu walijaa, miji ikaanza kutaniana mitandaoni, na fainali ya Novemba mjini Nanjing iliingiza zaidi ya watu 60,000. 

Kama serikali za miji zitaiacha ikue yenyewe, au kama kuna tajiri atakuja na begi la hela kuinunua, hilo ndilo la kutazama msimu ujao.

Zheng mwenyewe hakupotea. Baada ya Guangzhou alihamia benchi la ufundi la timu ya taifa, ile aliyoichezea mechi 108 na kuiongoza Kombe la Asia 2019 akiwa na miaka 38. Ana medali za ubingwa za kujaza kabati zima. Ila akitaka kufanyiwa mechi ya heshima, kama wanavyofanyiwa manahodha wakubwa, Shenzhen yake haipo wa kumwandalia, na Guangzhou aliyoitumikia zaidi ya miaka 10 haina ofisi wala namba ya simu. Huku London, The Valley bado iko palepale, na msimu wa 2025/26 ilikuwa na mechi za Championship.